Kabla Utume Ganji ya Printa, Uliza Hii Kitu Moja

Wasee, leo sina video. Niko na hasira tu.

Mwaka jana nilinunua printa ya leza ya mtumba hapo tao, elfu nne na mia tano. Muuzaji aliichomeka kwa kompyuta yake ya Windows, ikatoa karatasi safi, nikatuma M-Pesa nikijiona mjanja. Nilikuwa nimeacha chuo, na hesabu yangu ilikuwa rahisi: watu wa hosteli wanaprinti notisi na CV kila siku, mbona wasiprinti kwangu?

Nikafika keja, nikachomeka kwa lapi yangu ya Linux Mint. Kimya. Taa inawaka, karatasi haisongi. Usiku mzima niko kwa terminali nikikopi amri za watu nisiowajua. Asubuhi mteja wangu wa kwanza, msichana aliyetaka barua ya atachimenti, alingoja nusu saa akaenda saiba. Hakurudi tena. Nikampigia muuzaji, akaniambia, "Boss, printa iko sawa, shida ni hiyo kompyuta yako."

Hapo ndio nakataa. Printa nyingi za leza za bei ya chini hazina akili yao. Kompyuta ndio huchora ukurasa wote, halafu inautuma kwa lugha ya siri ya kampuni. Hiyo lugha iko ndani ya draiva, na kama kampuni iliandika draiva ya Windows pekee, wewe wa Linux umenunua sanduku la plastiki lenye taa. Kwa hivyo lapi yangu haina makosa. Kosa langu ni kutouliza.

Cha kuchekesha, printa iko kwa mizizi ya hii stori yote. Karibu mwaka wa 1980, huko Marekani, Richard Stallman alikuwa kwa maabara ya akili bandia ya MIT. Printa ya zamani alikuwa ameongezea programu yake uwezo wa kuambia watu karatasi ikikwama. Ikaja mpya ya leza, ya Xerox, akanyimwa kodi yake, hangeweza kuirekebisha. Mwaka wa 1983 akatangaza mradi wa GNU, na programu kibao ndani ya Linux yako zimetoka huko. Miaka zaidi ya 40 baadaye, mimi bado nanyimwa na printa!

Sasa kitu chenyewe. Uliza kama printa iko na AirPrint. Ndiyo, ni ya Apple, ilikuja 2010 ndio iPhone iprinti bila draiva. Lakini chini yake kuna lugha ya wazi inaitwa IPP, na CUPS, programu inayosimamia printa kwa Linux, inaiongea vizuri. IPP Everywhere pia ni sawa. Ukiona mojawapo kwa boksi au kwa tovuti ya kampuni, mara nyingi lapi itaiona yenyewe kwa Wi-Fi bila wewe kuinstoli chochote.

Kama ni modeli ya zamani, angalia draiva kwanza. HP wako na programu yao ya wazi, HPLIP, ingawa modeli zingine zinadai kipande cha ziada kilichofungwa. Brother hutoa draiva za Linux kwa modeli nyingi. Mimi ningechukua leza nyeusi tupu. Wino wa maji hukauka ukikaa bila kuprinti, na rangi za nini kwa CV?

Na msiniambie nirudi Windows. Lapi yangu ni ex-UK, Windows 11 haiitaki, na sapoti ya kawaida ya Windows 10 iliisha Oktoba 14, 2025. Wengi wenu mko na mashine kama hii.

Kwa hivyo beba lapi yako hadi dukani. Chomeka, printi kurasa mbili, jaribu skana kama iko, ndio utume pesa. Muuzaji akisonya, funga lapi uende duka linalofuata, tao iko nayo mengi.

Ile yangu bado iko kejani. TV imekaa juu yake, na kwa hiyo kazi haijawahi kuniangusha.