Kila Khati na Mahali Pake

Siku hizi kadi ya harusi, ratiba ya madrasa na tangazo la msiba hutengenezwa nyumbani kwa kompyuta au simu, na aghalabu kazi hiyo huwaangukia akina mama na binti zetu. Juma hili twazungumzia khati moja ambayo wengi huiona humo na kuipenda, nayo ni Comic Sans.

Ni herufi zilizo mfano wa mwandiko wa kalamu nene usiotumia rula. Hazina vijimkia kwenye ncha, pembe zake zimeviringana na mistari yake yayumba kidogo. Alizichora Vincent Connare wa kampuni ya Microsoft mwaka 1994. Alikuwa ameiona programu ya wanaoanza kutumia kompyuta, ambamo mbwa wa katuni alitoa maelekezo kwa herufi za Times New Roman, zilizotengenezewa gazeti la Times la London na kuanza kutumika mwaka 1932. Akaona haielekei mbwa wa mchezo kusema kwa sauti ya gazeti. Akavitazama vitabu vya katuni, akachora herufi mpya. Programu ile haikuwahi kuzitumia, lakini mwaka 1995 zilitolewa pamoja na nyongeza za Windows 95, zikaenea ulimwenguni.

Kuenea huko ndiko kulikoziletea lawama, kwani zilitiwa hata pasipostahili. Tarehe 4 Julai 2012, wanasayansi wa CERN huko Geneva walipotangaza kugundua chembe iliyosadikiwa kuwa ya Higgs, sehemu ya maelezo yao ilionyeshwa kwa Comic Sans. Ugunduzi haukupungua thamani, lakini wengi waliishughulikia khati wakaliacha jambo lenyewe.

Hata hivyo, tusiibeze. Katika vitabu vingi herufi «a» huwa na kikunjo juu, ilhali mtoto hufundishwa kuiandika kwa duara na kijiti. Comic Sans huiandika vivyo hivyo, basi mtoto aisomayo huikuta herufi ile ile aliyoiona ubaoni. Chama cha Uingereza kinachowasaidia wenye uzito wa kusoma, British Dyslexia Association, kimeitaja miongoni mwa khati zinazofaa. Mama mwenye mtoto anayejikwaa katika kusoma na aijaribu, kwa herufi kubwa na nafasi ya kutosha kati ya mistari.

Lakini tangazo la msiba silo mahali pake. Wafiwa wanaposoma jina la mzazi wao kwa herufi za katuni, huhisi msiba wao umefanyiwa mzaha, ijapokuwa mwandishi hakukusudia. Hali kadhalika wasia, hesabu ya mirathi na barua ya kuomba kazi. Hizo zataka herufi zilizotulia.

Adabu hii si ngeni kwetu Waislamu. Waandishi wa khati za Kiarabu waliipa thuluth kuta za misikiti na naskh kurasa za vitabu, wala hawakusema moja ni mbaya. Basi kabla ya kuchagua khati, tujiulize ni nani atakayesoma, na atasoma akiwa na moyo gani. Mtoto na achekeshwe, na mfiwa astahiwe.