Hivi wapiga muziki wa Kilwa wameridhika na bendi zao?

UE zimeisha, bumu halijaingia, hosteli ni joto tupu, basi ngoja niandike. Nimerudi chuo kutoka Kilwa Masoko wiki mbili zilizopita na kuna jambo limenikaa kooni.

Wanaonijua wanajua kwamba likizo huwa napiga kinanda kwenye bendi ya nyumbani. Bendi yenyewe ni ya ridhaa, hakuna anayelipwa mshahara. Mpiga solo ni fundi pikipiki, wa besi ni mwalimu wa shule ya msingi, wa tumba ni mvuvi, na mimi ni deiwaka tu, napiga chuo kikifungwa. Kazi zetu nyingi ni harusi. Ufuta ukishauzwa, kuanzia mwezi wa sita hivi, harusi zinafuatana kama treni, na korosho zikiuzwa kule mwishoni mwa mwaka zinafuatana tena. Ramadhani vyombo vinafungwa, tunafungua Idi. Hapo katikati tunagombea tonge na dijei mwenye flashi ya singeli, ambaye bei yake nafuu, hali pilau ya watu saba, wala hachoki.

Sasa kuna imani imeenea, hata hapa chuo nimeisikia, kwamba mwanamuziki wa ridhaa akinung'unika basi ananung'unikia hela. Mpe hela atatulia. Mimi nabisha. Likizo hii niliwauliza wenzangu mmoja mmoja, swali moja tu: umeridhika na bendi? Mvuvi wetu alicheka. Akaniambia, mdogo wangu, hela yangu naitafuta baharini, huku nakuja kupumzisha roho. Yule hata posho ikikosekana atakuja mazoezi. Tena anakuja wa kwanza.

Lakini mwalimu wa besi alikaa kimya kidogo, halafu akasema, "Nyie nimeridhika nanyi. Bendi ndiyo sijaridhika nayo."

Jibu hilo limenizungusha kichwa. Sisi si ndiyo bendi? Kumbe hapana. Bendi ni vyombo, na vyombo vina mwenyewe. Kwetu kuna mzee mmoja (jina naliacha, tunaheshimiana) ambaye magitaa ni yake, amplifaya yake, spika zake, hata ile drums iliyotoboka ni yake. Yeye ndiye anayesema harusi ipi tuchukue, nani aimbe, nani apate kiasi gani tukishamaliza. Na anataka kopi tu. Nyimbo za zamani ambazo watu wanazijua, basi. Mwalimu ana tungo yake nzuri sana, ina miaka miwili sasa, haijawahi kupigwa nje ya mazoezi hata siku moja. Na sasa bendi moja ya Lindi mjini imemwita. Hawampi hela zaidi. Wamemwambia tu, njoo na nyimbo zako.

Hapo ndipo ninaposema mambo haya hayajaanza leo wala kwetu. Pwani hii imecheza beni baada ya Vita Kuu ya kwanza, Marini na Arinoti, watu wanachanga fedha zao wenyewe, wanapeana vyeo vya kijeshi, na anayefagia ofisi mchana usiku anaitwa jenerali. Ile ilikuwa raha ya kweli ya mtu wa ridhaa: cheo ambacho bosi wake hampi. Zikaja bendi za dansi. Kuna watu wanadhani Kilwa Jazz ilikuwa bendi ya Kilwa. Ile bendi ya Ahmed Kipande iliyovuma miaka ya 1960 ilikuwa Dar es Salaam, ila ilibeba jina la kwetu, kama Western Jazz walivyobeba jina la watu wa magharibi. Mtu alikuwa anaingia bendi kama anavyoingia chama cha watu wa kwao.

Halafu zikaja ajira. NUTA Jazz mwaka 1964, chama cha wafanyakazi kinamiliki vyombo, mwanamuziki analipwa mshahara kama karani. Mlimani Park mwaka 1978 ilianza chini ya kampuni ya usafiri na teksi, mwaka 1983 ikachukuliwa na DDC. Ukitazama kwa haraka utasema hao ndio walioridhika: mshahara upo, vyombo vipo, ukumbi umejaa. Mbona walikuwa wanahama sasa? Mwaka 1985 Hugo Kisima, mwenye Orchestra Safari Sound, alivunja bendi yake na kuchukua wanamuziki sita wa Mlimani Park kwa mpigo. Muhidin Gurumo alikuwemo. Huyu alipitia NUTA, akawa mmoja wa waanzilishi wa Mlimani Park, akaenda Safari Sound, mwisho akarudi Msondo, ambayo ndiyo ile ile NUTA iliyobadili majina, akastaafu mwaka 2013 na kufariki Aprili 2014. Wala msiniambie alikuwa na tamaa. Mtu anayezunguka halafu anarudi alikoanzia alikuwa anatafuta kitu, na sidhani kama ni noti peke yake.

Sikatai, hela ina sehemu yake. Mtu mwenye watoto wanne akikosa nauli ya kurudi Kivinje usiku wa manane huwezi kumwambia habari za sanaa. Ila kwa sisi wa ridhaa hela ni ndogo kiasi kwamba haiwezi kuwa sababu ya kubaki, na kwa hiyo haiwezi kuwa sababu kubwa ya kuondoka pia. Mwalimu hapandi gari mpaka Lindi, kilomita zaidi ya mia na hamsini, kufuata elfu ishirini. Nauli inaimeza. Anafuata zamu. Anataka siku moja mtu amtazame jukwaani akiimbiwa kitu alichokitunga yeye kwenye daftari la maandalio ya somo.

Na kuhusu tungo, jamani, tuelewane. Sheria ya Hakimiliki ya mwaka 1999 inampa haki aliyetunga. Ukiwa umeajiriwa kutunga, mwajiri naye ana lake la kusema, lakini sisi nani katuajiri? Kwa hiyo ule mdomo wa "wimbo ni wa bendi, ukiondoka unauacha" ni mdomo tu. Ataondoka nao na atakuwa sahihi. Sisi tutabaki tunakopi.

Upande wa mzee nao nausema, maana si haki kumsulubu hapa na yeye hayupo. Ametoa mtaji wake wakati hakuna aliyekuwa na hata kamba ya gitaa. Chombo kikiharibika anatengeneza kwa mfuko wake, na siku mvua ilipotukuta tukipiga kwenye turubai bovu, spika mbili zilikufa, na hakumdai mtu. Mtu wa namna hiyo akisema "pigeni wanachojua watu, harusi zije," ana hesabu zake. Tatizo langu ni kwamba hajawahi kutuuliza. Anahesabu mafuta ya jenereta, anahesabu kamba zilizokatika, ila hajawahi kuhesabu mtu aliyenyamaza. Kwenye bendi ya ridhaa, mtu wa kumuogopa ni aliyeacha kubishana.

Wenzetu wa Unguja wana Ikhwan Safaa, chama cha taarab cha tangu mwaka 1905. Zaidi ya miaka mia, na wanachama wake wengi wamekuwa ni watu wenye kazi zao nyingine mchana, jioni wanakuja klabuni. Kimepita kwenye ukoloni, mapinduzi, redio, kaseti, modern taarab, na bado kipo. Huwezi kuniambia wote hao walikuwa wanapatana kila siku, watu wa taarab tena! Lakini chama ni cha wanachama. Ukinuna, unanunia chako.

Kwa hiyo mimi msimamo wangu, na nimeshauweka kwenye grupu letu la WhatsApp (ulizua kimya cha siku mbili), ni huu: tusimzuie mwalimu kwa maneno ya undugu wala ya kumwita msaliti. Tununue gitaa la besi letu wenyewe. Moja tu, tuanze na hilo. Nimepita Kariakoo Jumanne nimeona la mtumba zuri, shilingi laki mbili na themanini elfu, muuzaji ana dalili za kushuka. Tuko saba. Kila mtu elfu arobaini na limeisha. Bumu likitoka yangu natoa siku hiyo hiyo, chipsi zitasubiri. Vyombo vingine tuendelee kumkodi mzee kwa heshima zote, ila kwenye kila harusi ziwepo nyimbo mbili zetu, na mwalimu awe wa kwanza. Wenye harusi wakikimbia, watakuwa wamekimbia nyimbo mbili tu kati ya ishirini.

Fundi pikipiki amekubali. Mvuvi kasema yeye elfu arobaini atatoa ila hataki kusikia neno kikao. Mwimbaji wetu anaogopa kwamba mzee akisikia tumenunua gitaa atachukulia tumemfukuza, na atafunga vyombo vyake stoo msimu ukiwa mlangoni. Hofu yake naielewa, inawezekana kabisa ikawa hivyo. Ndiyo maana nimependekeza aende mpiga tumba kumwambia, wao wanavua pamoja tangu ujana wao, na aende kabla gitaa halijafika Nangurukuru, asije akalisikia kwa watu.

Mwalimu mwenyewe bado hajajibu. Kasoma ujumbe, tiki mbili za bluu, basi. Watu wa Lindi wanamtaka aseme ndiyo au hapana kabla mwezi haujaisha.

Kama kuna mdau anajua kukagua shingo ya gitaa la mtumba kama imepinda au haijapinda, anitafute hapa hosteli Jumamosi asubuhi twende wote Kariakoo. Nauli ya daladala juu yangu.