Kitabu na Mshumaa

Wako wazazi wanung'unikao kwamba mwalimu wa sayansi huwapa watoto mchezo badala ya kazi: kufunika mshumaa kwa bilauri ndogo, kisha kwa kubwa, na kuandika ni wapi moto umekawia kuzimika. Wasema, "Tumewapeleka wasome vitabu." Nasi twapenda vitabu, lakini kitabu cha sayansi chasomwaje kisipojaribiwa?

Michael Faraday, mwana wa mhunzi wa Uingereza, aliyezaliwa mwaka 1791, alikuwa mwanagenzi wa kujalidi vitabu, akasoma vilivyopita mikononi mwake. Kimoja kilikuwa cha kemia, cha Bibi Jane Marcet. Hakukisadiki kwa sababu tu kimepigwa chapa. Alijaribu yaliyomo kwa vifaa vichache alivyopata, akaona ni kweli. Mwaka 1831 akaonyesha kwamba sumaku ikisogezwa ndani ya waya uliozungushwa huzaa umeme. Na mafundisho yake kwa vijana juu ya mshumaa (naam, mshumaa!) yakawa kitabu mwaka 1861. Hicho twamsihi kila mwalimu akifungue darasani, mshumaa ukiwaka mezani.

Walimu nao wasijione wamepona. Erasto Mpemba, mwanafunzi wa Tanganyika, aliona mwaka 1963 maziwa yake ya moto yakiganda kabla ya yale yaliyopoa. Alipouliza, aliambiwa amekosea, akachekwa. Denis Osborne, mwalimu wa chuo kikuu cha Dar es Salaam, hakucheka. Alipima, nao wakaandika pamoja mwaka 1969. Wataalamu wangali wakibishana juu ya jambo hilo, nao hubishana kwa kupima.

Wala tusiambiwe habari za gharama. Mshumaa mmoja na bilauri mbili za kuazima zatosha darasa zima.