Kiwanda cha bunduki? Kwanza mtuambie zile za mwezi wa pili ziko wapi



Tangu mji wetu uanguke, kuna maneno yanazunguka sana kwenye simu. Yanasema hivi: Kongo inapigwa juu inanunua bunduki kwa wengine; siku tutatengeneza zetu, hakuna mtu atatucheza tena. Mara nyingi yanakuja na picha ya kiwanda cha Kenya ama cha Ethiopia, na swali moja chini: sisi tunakosa nini? Vijana wanajibu: njo vile, tumechoka.

Mimi pia nimechoka. Lakini siko upande wa kiwanda hicho, hapana kwa sasa, na nitaeleza juu ya nini. Nianze na kitu ambacho wenye kukitaka wana haki nacho.

Wanasema si haya kutengeneza bunduki ambayo mchoro wake ni wa wengine. Ni kweli. Kalashi tunazoziona kila siku zilichorwa na Mrusi, jeshi la Soviet likazipokea mwaka 1949, lakini nyingi zinazotembea Afrika hazikutoka Urusi. China ilianza kutengeneza ya kwake mwaka 1956, inchi za Ulaya ya mashariki vilevile. Hata Wabelgiji, ambao walituletea Albini, kisha Mauser, kisha FAL, walianza kwa kuiga. FN, ile kampuni kubwa ya Herstal karibu na Liège, ilizaliwa mwaka 1889 kwa kazi moja: kutengeneza bunduki 150,000 za Mauser, mchoro wa Wajerumani, kwa jeshi la Ubelgiji. Kwa hiyo mtu akisema Kongo haiwezi kwa sababu haijavumbua bunduki yake, anadanganya. Karibu kila mtu alianza na mchoro wa jirani.

Tofauti ni kile kilichokuwa tayari kwenye mji. Liège ilikuwa na wafua bunduki tangu zamani sana, ilikuwa na makaa ya mawe, na viwanda vya chuma vya Cockerill vilikuwa pale karibu. FN ilikuja kukaa juu ya msingi uliokuwako. Sisi msingi wetu uko wapi? Mobutu alijenga kiwanda cha chuma kule Maluku, karibu na Kinshasa, miaka ya 1970. Kilipimwa kutoa tani 250,000 kwa mwaka. Chuma chakavu cha kuyeyusha kilitoka inje, umeme ulitoka Inga, na kiwanda hakikufika hata sehemu moja kwa kumi ya nguvu yake kwa muda mrefu. Kikalala. Maluku ilikuwa fahari ya taifa wakati huo, watu waliipigia makofi. Mtutu wa bunduki unataka chuma cha aina maalum, unataka mashine ya kuuchonga kwa ndani, unataka baruti, unataka kile kifuniko kidogo cha nyuma ya risasi kinachowasha moto. Ukikosa hivyo vyote, "bunduki yetu" ni vipande vya inje vilivyofungwa na mikono ya hapa.

Tuangalie majirani, juu picha zao njo zinatumiwa kutuaibisha. Kenya ina kiwanda cha masasi Eldoret. Kilijengwa miaka ya 1990 kwa mashine na ufundi wa FN, wale wale wa Herstal. Mwezi wa ine 2021 Rais Uhuru Kenyatta akafungua kiwanda cha bunduki Ruiru, cha shilingi bilioni 4 hivi, chenye uwezo wa bunduki 12,000 kwa mwaka. Tanzania ina Mzinga kule Morogoro. Uganda ina Luwero Industries, Nakasongola. Siwadharau. Wamefanya kazi. Lakini nani kati yao amejitoa kabisa kwenye mikono ya wenye mashine?

Kuna kisa kimoja ambacho kinatugusa sisi, na vijana wengi hawakijui. Mwaka 2005, Ubelgiji kulikuwa mabishano makali juu ya kampuni ya Liège inayoitwa New Lachaussée. Ilitaka kupeleka Mwanza, Tanzania, mashine za kutengeneza masasi. Mashirika ya amani yakapinga, yakisema masasi yale yanaweza kuishia kwenye vita vya Maziwa Makuu, maana yake huku kwetu. Mwenye kutoa ruhusa alikuwa serikali ya Wallonie. Yaani inchi huru inataka kiwanda chake nyumbani kwake, lakini saini inangojewa Ulaya. Aliyekuambia kwamba kiwanda kinamaliza kuomba ruhusa hakukuambia yote: unaacha kuomba bunduki, unaanza kuomba mashine, na vipuri, na ruhusa ya mchoro.

Sasa tufike kwenye neno ambalo wakubwa wa Kinshasa walilitumia miaka mingi: tumefungwa mikono. Baraza la Usalama la UN liliweka kizuizi cha silaha mwaka 2003 kwa makundi ya Kivu na Ituri. Mwaka 2008 serikali ilitolewa kwenye kizuizi, ila kila aliyetuuzia silaha alipaswa kwanza kuarifu kamati ya UN. Sharti hilo liliudhi sana, na lilikuwa la kuudhi kweli. Lakini mwezi wa kumi na mbili 2022 liliondolewa, kwa azimio namba 2667. Mikono ikafunguliwa.

Nini kilifuata? Mwaka 2023 matumizi ya jeshi la Kongo yalipanda kwa asilimia 105. Taasisi ya SIPRI ya Sweden, inayohesabu mambo haya kila mwaka, ilisema hakuna inchi ingine duniani iliyopanda vile mwaka huo. Karibu dola milioni 794. Zikanunuliwa drone za China. Bunge likapitisha sheria ya askari wa akiba, na Wazalendo wakapata mlango wa kuingilia. Kisha mwisho wa mwezi wa kwanza 2025, Goma. Tarehe 14 mwezi wa pili, uwanja wa ndege wa Kavumu. Tarehe 16, Bukavu.

Mliokuwa hapa siku zile hamna haja ya kuelezwa. Basoda waliondoka. Hawakuondoka juu ya kukosa bunduki, bunduki waliziacha. Ghala la PAM liliporwa, karibu tani 7,000 za chakula. Kambi zikabaki wazi, na watoto wakaingia. Watoto wa umri wa shule walionekana na kalashi na nguo za jeshi walizookota. Ofisi ya haki za binadamu ya UN ilisema siku chache baadaye kwamba M23 waliua watoto waliokutwa na silaha hizo hapa mjini. Ninaandika sentensi hiyo na ninaiacha vile ilivyo. Wanaojua hali ya Bukavu leo wataelewa pia juu ya nini sitaji avenyu wala jina la mtu.

Baada ya hapo usiku wetu ukabadilika. Mwizi aliyekuwa na kisu sasa ana bunduki. Kadutu, Bagira, hata Ibanda, watu wanalala na firimbi na masufuria ya kugonga, na asubuhi tunasikia nani aliingiliwa. Masasi ya usiku ule yalilipwa na franga ya leta, yaani kodi ya mama anayeuza ndizi. Hatukukosa bunduki katika mji huu. Tumezikuwa nazo nyingi kupita mkate.

Na hii haikuanza mwaka 2025. Ripoti za wataalamu wa UN zimerudia jambo moja kwa miaka: pamoja na zile zinazoingia kutoka inje ya mipaka, na tunajua zinaingia, sehemu kubwa ya silaha na masasi ya makundi inatoka kwenye ghala za jeshi letu wenyewe. Nyingine zinatekwa vitani. Nyingine zinagawiwa kwa makundi yanayoitwa marafiki. Nyingine zinauzwa, juu soda mwenye mshahara wa kuchekesha, na unaochelewa, ana kitu kimoja tu chenye bei. Mishahara ya basoda na polisi ilitangazwa kuongezwa mara mbili mwezi wa tatu 2025, Goma na Bukavu zikiwa zimeshaanguka. Ilihitaji miji miwili kwanza.

Sasa chukua hali hiyo, kisha uweke kiwanda cha bunduki katikati yake. Leo kalashi inapita meli, bandari, ndege, ghala, kambi, ndipo inafika kwa mtu wa msituni. Kila hatua kuna karatasi, hata kama ni ya uongo, na kuna mtu wa inje anayejua aliuza ngapi. Ukiitengeneza Likasi ama Kinshasa, umefupisha njia. Likasi nimeitaja kwa makusudi: kule kuna Afridex, kampuni ya baruti za migodi, na kila mara mtu akiota masasi ya nyumbani jina lake linarudi. Mimi swali langu kwa wanaoota ni dogo: nani atashika funguo?

(Bunduki za nyumbani, kwa kweli, tunazo tayari. Wafua chuma wa vijijini wanatengeneza zile za baruti za kuwindia tangu zamani, na Mai-Mai wamezitumia. Hazikuleta uhuru wa mtu.)

Kuna jibu ambalo ninalisikia zaidi kwa wenzangu, na ni la haki: kazi. Nina diplome ya uchumi tangu 2023, nina miaka 25, na kazi sijaipata. Nikisikia neno "kiwanda" roho yangu inaruka kama ya kila mtu. Lakini kiwanda cha bunduki ni mashine nyingi na watu wachache, waliochujwa kwa usalama, ndani ya ukuta wa jeshi. Unafikiri kijana wa Panzi asiye na mjomba Kinshasa ataingia pale?

Na tuangalie viwanda ambavyo tulikuwa navyo. Kiwanda cha sukari cha Kiliba, upande wa Uvira, kilisimama mwaka 1996 vita vilipoingia. Familia nyingi za uwanda wa Ruzizi ziliishi na miwa ile, na leo sukari tunayoweka kwenye chai inatoka inje. Bralima ya hapa Bukavu: mwezi wa sita 2025 Heineken ilitangaza kwamba imepoteza udhibiti wa majengo yake ya Goma na Bukavu, ikatoa wafanyakazi wake. Dereva, muuza chupa, mama wa mgahawa, wote walikuwa wanakula pale. Hakuna hata kimoja kati ya viwanda hivyo kilichokufa juu Kongo haikutengeneza bunduki. Vilikufa juu wenye bunduki walipita, wa huku na wa kule, na hakuna aliyeulizwa.

Sasemi inchi iache jeshi. Inchi inayoshambuliwa inahitaji jeshi, na jeshi linahitaji bunduki. Kambi yetu ya Saio ina jina la mahali Ethiopia ambapo askari Wakongomani wa Force Publique walishinda Waitalia mwaka 1941. Bunduki zao hazikutengenezwa Kongo, na mchoro wake haukuwa wao.  Walikuwa chini ya mkoloni, hilo sisahau, na ushindi wakauchukua wengine. Lakini ninawaza ile kambi yenye jina lile, milango wazi, na watoto wakitoka na kalashi.

Kwa hiyo kabla mtu hajatuletea mchoro wa kiwanda, tunaomba vitu ambavyo havitaki hata mashine kubwa. Itifaki ya Nairobi ya 2004, ambayo Kongo ilitia saini, inataka kila bunduki ipigwe alama inapotengenezwa na inapoingizwa. Mkataba wa Afrika ya Kati juu ya silaha ndogo ulipitishwa mwezi wa ine 2010, tena Kinshasa, una jina la mji wetu mkuu. Kuna tume ya taifa ya kusimamia silaha ndogo. Sheria ziko. Tunaomba bunduki za jeshi na za Wazalendo zipigwe alama na ziandikwe, mkoa kwa mkoa, na Bunge lisomewe hesabu kila mwaka: zilizonunuliwa, zilizoko, zilizopotea, na nani alikuwa mkubwa wa ghala siku zilipopotea. Mkubwa huyo afike mbele ya hakimu wa jeshi, hapana soda wa mwisho tu, yule ambaye njo kila mara anahukumiwa.

Na wale wanaoshika mji huu sasa, swali ni lilelile. Mlisema mnakusanya silaha zilizotupwa. Zimewekwa wapi, ngapi, na nani anazitumia usiku?

Kinshasa inaweza kuanza na jibu fupi, la mistari miwili: bunduki ngapi zilikuwa Saio asubuhi ya tarehe 14 mwezi wa pili 2025, na ngapi zilihesabiwa na wale waliotoka mjini. Tunangoja namba hizo mbili.