Mwenye tshukudu analala kasho, mwenye makala analala kwake

Kila siku tunasikia watu wakisema: «Parke ni ya wenye feza.» Tunaelewa juu gani wanasema vile. Lakini si kweli kila mara, na dosie ya Kavumu, hapa Kivu ya Kusini, njo inaonyesha.

Kati ya mwaka 2013 na 2016, karibu watoto wa kike 40 walibebwa usiku toka nyumba za wazazi wao kule Kavumu, wakabakwa. Kulikuwa hata watoto ambao hawajafikisha miaka miwili. Wazazi walienda kushitaki. Lakini kila dosie ilibakia peke yake, sawa vile ingekuwa matata ya nyumba moja. Mutoto huyu, dosie yake. Mutoto yule, dosie ingine. Miaka ikapita, watoto wakaendelea kuchukuliwa. Wazazi, waganga wa Panzi na watetezi wa haki za binadamu walipiga kelele mpaka mwaka 2016 oditora ya kijeshi ikakamata zile dosie, ikaziunganisha, na kuita ile mambo kwa jina lake: makosa zidi ya ubinadamu. Mwezi wa sita mwaka ule ule, depite wa provinsi Frederic Batumike akakamatwa. Tarehe 13/12/2017, korti ya kijeshi iliyokuja kukaa pale pale Kavumu ikamuhukumu kifungo cha maisha, yeye na wenzake kumi. Mwaka 2018 rufaa ikahakikisha.

Kijiji kilikuwa kile kile, na wazazi wale wale. Kilichobadilika ni kwamba mutu aliweka karatasi zote juu ya meza moja, akatafuta mwenye kutuma.

Sasa tuangalie mazingira. Hapa njo tunaumia.

Pori la Virunga linakatwa kila siku kwa ajili ya makala. Nani anakamatwa? Kijana mwenye kusukuma tshukudu na magunia yake. Analala kasho, familia inatafuta feza ya amande, anatoka, anarudia njia ile ile. Hatuseme hana kosa. (Na sisi wote huku mujini tunapikia ile makala, tusijifiche.) Lakini nani alilipa wakataji? Nani alipokea feza ili magunia yapite kwenye barriere? Depo ni ya nani? Hayo maswali hayaandikwe kwenye PV. Dosie inaanzia kwa tshukudu na inaishia kwa tshukudu. Tukishika Kavumu kwa namna ile, tungefunga mwenye kulinda mulango na kuacha depite nyumbani.

Si sheria inayokosekana. Sheria n° 14/003 ya tarehe 11/02/2014 inalinda mapori na wanyama, na inapanga malipizi. Kifungu cha 53 cha Katiba kinasema kila mutu ana haki ya kuishi mahali pasafi, na tena ana lazima ya kupatetea.

Wale wanaopatetea wanapata nini? Tarehe 15/04/2014, mukubwa wa Virunga, Emmanuel de Merode, alitoka kwa prokirere wa Goma. Alikuwa amepeleka dosie juu ya SOCO, kampuni ya Uingereza iliyotafuta mafuta ndani ya pori. Akirudi Rumangabo, wakamupiga masasi njiani. Alipona. Yule aliyemupiga, hatujaona amesimama mbele ya muamuzi. Miaka sita nyuma, tarehe 24/04/2020, walinzi 12 waliuawa karibu na Rumangabo, pamoja na dereva wao na raia wane. Wajane wao nao wanangoja.

Tunajua prokirere hawezi kutangaza siri ya uchunguzi, na hatuombe majina. Tunaomba hesabu. Kila miezi tatu, parke iseme mbele ya wanainchi: dosie ngapi za makala, mbao na madini ziliingia, ngapi zilifika tribinali, ngapi ziliwekwa pembeni na juu gani. Na ndani ya zile zilizofika, ni wangapi walikuwa wabebaji, wangapi wenye mali. Hiyo haiombe bajeti. Greffe na sekretaria ya parke ziko na vitabu.

Na wewe ndugu, dada, mama: ukienda kushitaki, usitoke pale bila namba ya RMP. Iandike, uiweke pamoja na karatasi zako za maana. Ukisikia jirani alishitaki kosa linalofanana na lako, muende wote wawili na namba zenu, muombe kwa maandishi dosie ziunganishwe, na mubakie na kopi yenye muhuri. Wakikataa kupiga muhuri, mutuambie siku ile ile, tutarudi pale pamoja nanyi.