Dawa Aliyosahau Kuitaja

Mwezi huu tuongee jambo ambalo wengi wetu tunalinong'ona tu.

Shoga yangu mmoja aligundua uvimbe kwenye titi. Daktari akamchoma ganzi, akachukua vinyama vidogo kwa sindano vikapimwe maabara. Akarudi nyumbani freshi kabisa. Usiku anavua sidiria, loh! Titi limevimba na kuvilia damu, rangi ya zambarau. Mumewe akapaniki: "Si nilikwambia sindano inaamsha kansa?" Wakalala kila mtu kageukia ukuta wake.

Asubuhi wakarudi hospitali. Swali la kwanza: unatumia dawa gani? Ndipo akakumbuka aspirini aliyokuwa akimeza karibu kila siku kwa ajili ya kichwa. Hakuitaja, eti si dawa ya maana.

Sasa tuwekane sawa. Kuvilia damu kidogo baada ya kipimo hiki ni kawaida, na huisha ndani ya wiki moja au mbili. Wakati mwingine damu hujikusanya ikawa donge. Mara nyingi mwili hulifyonza wenyewe. Kutokwa damu mpaka kuhitaji matibabu ni nadra sana. Na hapana, sindano haiamshi kansa.

Kabla ya kipimo, taja kila unachomeza: aspirini, klopidogreli, wafarini, hata miti shamba. Ila kama ni dawa ya moyo, usiiache kwa uamuzi wako. Daktari ndiye aseme.

Baada ya kipimo, pabonyezwe kwa nguvu dakika 10 hadi 15. Weka barafu iliyofungwa kwenye kitambaa, vaa sidiria inayokushika vizuri hata usiku, na ndoo za maji mwachie mwingine kwa siku moja mbili. Maumivu yakizidi, meza parasetamo, siyo aspirini. Ukiona uvimbe unazidi kukua, plasta inalowa damu hata baada ya kubonyeza, au una homa, usisubiri kukuche. Nenda hospitali.

Majibu ya shoga yangu yalikuja: haikuwa kansa. Donge nalo likayeyuka. Lakini ukimuuliza leo, kinachomuuma siyo sindano wala ile zambarau. Ni mgongo wa mumewe usiku ule.

Kwa hiyo kaka, mkeo akienda, nenda naye. Usikilize maelekezo, ushike hiyo barafu. Maneno ya kansa mwachie daktari.

Tukutane mwezi ujao!