Bunga Nayo Ni Kazi ya Sendika

Ndugu zetu wa mine, na ninyi mama zetu mulio nyumbani, tuseme ukweli. Kila mara tunapokaa na wakubwa wa kompanyi tunazungumza mshahara, primu na viatu vya kazi. Ni vizuri. Lakini mshahara unaishia wapi? Unaishia mu bunga. Na bunga inategemea mvua.

Tuliona mwaka 2024. Mvua ilikatika Zambia, na mwezi wa pili serikali yao ikatangaza ukame kuwa balaa ya taifa. Huku Lubumbashi, Likasi na Kolwezi, sisi tunaongojea malori ya Kasumbalesa, bei ya mufuko ikapanda. Mshahara ukabaki ule ule. Jamaa zingine zikaenda kukata miti na kuchoma makala. Hatuwahukumu. Lakini miti ikiisha, maji yanabeba udongo, na shamba la watoto linakufa.

Wazee waliotumika Gécamines wanakumbuka posho ya bunga. Kompanyi ilipoanguka, posho nayo ikaisha, na mwaka 2003 watu karibu 10.000 wakarudishwa nyumbani. Kwa hiyo sisi hatuombi posho. Tunaomba shamba lenye maji.

Franga ziko. Code minier ya 2018 inasema kompanyi inayochimba itoe angalau 0,3% ya mauzo yake kwa maendeleo ya wenyeji, na 15% ya redevance iende kwa mji, sekta ama sheferi ambako mine iko. Hiyo si zawadi, ni haki. Lakini tumeona majengo yanakatiwa utepe mahali ambapo hata kisima hakuna.

Tunataka mambo matatu. Kwanza, visima na pompi, ili mama avune lengalenga na matembele hata mwezi wa tisa. Pili, mbegu za mahindi yanayokomaa upesi, pamoja na mihogo inayovumilia jua. Tatu, depo ya mahindi: inunue wakati wa mavuno, bei ikiwa chini, iuzie jamaa zetu mwezi wa kwanza, wakati mifuko inakuwa ghali.

Shaba itaisha siku moja, njaa haitangoja. Basi kwenye mkutano ujao, kila mmoja amuulize delege wake: ile 0,3% yetu iko wapi, na imemwagilia shamba gani?